Mguu wa Breki

Siku ya tisa wifi alifika hospitalini kabla ya mwenye mume, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango wa chumba cha wagonjwa mahututi, na mkoba wake akauweka kwenye kiti cha pili ili mtu asikae. Mtu mwenyewe ni karani, mke wa kaka yake. Karani alipofika aliuchukua ule mkoba, akaushusha sakafuni, akakaa.

"Umeamkaje, wifi," alisema mwenye mkoba, kama mtu anayetema mbegu.

"Nimeamka."

Salamu zikaishia hapo. Kwa miaka kumi na minane wawili hawa walichukiana kwa adabu, harusini na misibani, lakini siku tisa za kugombea mlango mmoja ziliimaliza adabu yote.

Mgonjwa wao alikuwa mwalimu wa udereva, na wanafunzi wake walimwita Breki. Gari la kufundishia lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu aliyekaa pembeni yake, na huyu bwana mguu wake haukubanduka kwenye ile ya pili. Mkewe alikuwa karani wa shule hiyohiyo, mjaza fomu za wengine, na zamani alikuwa mwanafunzi wake. Breki alimfelisha mara tatu, kisha akamwoa. Leseni hakuipata. "Huyu ana mkono wa kalamu, si wa usukani," Breki alipenda kusema mbele ya watu, nao walicheka, na mkewe alicheka nao huku moyoni akimlaani.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Breki alificha maumivu ya tumbo wiki tatu, akajifanya mwanamume, mpaka utumbo ukapasuka akiwa kazini, katikati ya somo la kurudi nyuma. Walimpasua, wakamsafisha, wakamshona, wakamlaza kwa dawa ya usingizi na mpira wa kupumulia kooni. Tangu hapo karani alibeba hasira asiyojua pa kuitua. Kumpenda alimpenda. Ila alitaka aamke kwanza, amtukane mpaka akome, ndipo ampende vizuri.

Saa tatu asubuhi daktari alitoka, barakoa ikining'inia sikioni.

"Leo tunamwamsha kwa mara ya mwisho," alisema. "Kila tukipunguza dawa anahangaika, anasukuma mguu, mapigo ya moyo yanapaa, anapigana na mashine, inabidi tumrudishe usingizini. Akifanya hivyo tena, kesho tunamtoboa shingo, mpira upite hapo."

"Na sauti yake?" karani aliuliza.

"Kwa muda hatakuwa nayo. Baadaye tutaona."

"Mtoboeni apumzike," wifi alidakia. "Mnamsumbua bure kaka yangu."

"Mtu anakula kwa kusema, wifi. Ukimnyamazisha utamlisha wewe?"

"Nimlishe mimi, kwani mwenye mume nani? Miaka yote unalala naye, tumbo linaoza hulioni."

Hilo lilimchoma karani, kwa sababu lilikuwa kweli. Sheria ya chumba ni mtu mmoja tu, na wifi alishasimama, damu nzito kuliko maji, lakini daktari akasema aingie mke.

Muuguzi wa zamu alikuwa mfupi, mwenye mikono mizito na subira fupi kama yeye. Alipunguza dawa, akajaza sindano dawa nyingine kabisa, akaiweka tayari kwenye trei.

"Ya nini hiyo?"

"Ya kumrudisha akianza vurugu. Huwa anaanza."

Wakasubiri. Kope za Breki zikacheza. Mashine ikalia, muuguzi akakivuta kitanda kidogo ili apite nyuma, na hapo mguu wa kulia ukaanza. Karani aliutazama. Kisigino kilitulia palepale juu ya godoro. Vidole ndivyo vilivyoshuka, vikakandamiza ubao wa miguuni mwa kitanda, vikaachia kidogo, vikakandamiza tena kwa nguvu zaidi. Mtu anayehangaika hatupi mguu kwa nidhamu namna hiyo.

"Huyu hahangaiki," alisema. "Anakanyaga breki."

"Mama, tuache tufanye kazi."

"Yuko macho. Anaona anaendeshwa na watu asiowajua, anaogopa, anakanyaga. Nipe dakika tano."

Muuguzi alikitazama kioo cha mapigo: mia na arobaini. Sindano ilikuwa mkononi tayari.

"Mbili," alisema.

Siku nane watu walikuwa wamemwinamia Breki na kumnong'oneza pole, kwa sauti za matanga. Karani hakuwa na pole.

"Breki. Ni mimi. Ninaendesha mimi. Toa mguu."

Mguu ukakandamiza mpaka ubao ukalia. Karani nusura acheke kwa uchungu.

"Ndiyo, mimi. Yule uliyemfelisha. Ukaficha tumbo lako kama unavyoficha wanawake, sasa umekaa upande wa abiria na huna la kufanya. Hiyo unayokanyaga haipo. Ni ubao. Toa mguu, mpumbavu wewe, watakutoboa shingo."

"Mama," alisema muuguzi.

Nyuma ya kioo cha mlango wifi alikuwa akigonga kwa pete, mdomo wazi. Karani alimpa mgongo. Aliushika ule mguu, akasema tena, taratibu, kwa yale maneno ambayo Breki huwaambia wanafunzi walioganda: pumua, angalia mbele, toa mguu.

Mguu ukalegea. Mia na ishirini. Mia na tano. Muuguzi aliirudisha sindano kwenye trei. Saa nane mchana mpira ulitolewa, na Breki akakohoa mwenyewe.

Wifi aliupigia simu ukoo mzima kuwa maombi yake yamejibiwa. Karani alimwachia. Siku tatu alitembea na jambo moja kifuani, tamu, la kumtosha: mumewe hatimaye amemwamini.

Siku ya nne, katika wodi ya kawaida, daktari aliagiza mgonjwa atembezwe. Breki alisimama amejipinda, mkono mmoja kwenye mshono, mwingine begani kwa mkewe, akilalamika kwamba anavutwa. Walipofika katikati ya wodi alisimama kupumua.

"Siku ile nilikusikia," alisema kwa sauti iliyokwaruza.

"Najua. Ukatoa mguu."

"Nilijua utagonga." Alipumua tena. "Nilijua kabisa. Nikasema basi, nimechoka, acha agonge yaishe."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayetoa matokeo ya mtihani. Chuki safi ilimpanda karani mpaka machoni, na bega lake likatikisika chini ya ule mkono. Angeweza kulitoa. Breki alikuwa amelilalia kwa uzito wake wote.

"Sikugonga," alimwambia. "Piga hatua."

Breki alitafuta ukuta kwa macho, ukuta ulikuwa mbali. Akapiga hatua.