Peni Juu ya Sindano

Ule wimbo siku hizi unapigwa redioni nchi nzima, lakini anayeuimba si aliyeutunga. Aliyeutunga ni kaka yangu Desmond, na sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: kwenye santuri moja iliyorekodiwa nyuma ya duka la redio, hapa hapa Oldham, kaskazini mwa Uingereza, kiangazi kabla hajafa.

Nilikuwepo siku ile. Wavulana wanne wa bendi ya Slate Street, jina la mtaa wetu, walijibana kwenye chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani. Colin, mpiga gitaa, alikuwa anazikwaruza nyuzi.

"Colin, hilo gitaa unalipiga au unalikuna?" Desmond akamwuliza.

"Nyamaza wee, mapafu mabovu. Ukikohoa katikati ya wimbo tunakuzika humu humu."

Wakacheka wote, Desmond naye akacheka. Aliimba mpaka mwisho bila kukohoa.

Bwana Pickles, mwenye duka, akatutolea santuri moja, kisha akafuta tepu aliyoturekodia ili amrekodie mteja mwingine. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote. Akatuonya: "Hii si kama za dukani. Ni bati lililopakwa rangi laini, kila ikipigwa inalika. Mkitaka mwimbaji wenu adumu, msiipige ovyo."

Desemba ukungu ulishuka, umechanganyika na moshi wa viwanda, ukakataa kuondoka. Desmond pumzi zilimwishia kitandani huku daktari akipapasa njia kule nje. Tukafunga mapazia kwa msiba. Majirani wakaja, wakala nyama baridi ya nguruwe na chai, wakaenda zao.

Toka hapo mama akawa anaipiga ile santuri kila jioni akimaliza vyombo. Mimi nilikaa pembeni na sufu yangu, nafuma, nasikiliza. Kwanza ilipotea ile pumzi aliyoivuta kabla ya kuanza. Baadaye maneno yakawa kama ya mtu aliyejifunika shuka usoni. Halafu sindano ikaanza kuruka.

"Stanley!" mama akalia. "Mtoto anakatika!"

Baba si mtu wa maneno. Tangu mazishi alikuwa hajui amfanyie nini mama. Akatoa peni mfukoni, sarafu nzito ya shaba, akaiweka juu ya mkono wa gramafoni unaoshika sindano, kama mtaa mzima unavyofanya santuri ikiruka. Sindano ikatulia. Mama akamshika baba mkono. Sikuwahi kuwaona wameshikana mikono.

"Mama, tuipumzishe kidogo," nilimwambia siku moja.

"Anayepumzika ni maiti. Huyu anaimba."

Machi akaja Colin, kofia mkononi.

"Bibi Tattersall, kuna jamaa wa London anautaka ule wimbo. Tumepata mwimbaji mwingine, lakini nataka amsikie Des kwanza. Bwana Pickles atamnakili kwenye tepu, nimpelekee. Hataisha tena."

"Mwanangu hatoki humu ndani."

Baba akainuka, akavaa koti. "Nitambeba mimi, Edna. Namrudisha kabla ya chai."

Tukaenda dukani watatu, Colin, mimi na baba amekumbatia santuri kifuani. Bwana Pickles akaipangusa, akashusha sindano. Ngoma zikasikika kwa mbali, na mvumo kama mafuta yanayokaanga. Tukangoja. Desmond hakuwemo.

Bwana Pickles akaiinua kwenye taa, akapitisha ukucha. "Imelimwa hii. Nani aliweka uzito juu ya sindano?"

Baba alikuwa anaizungusha kofia yake mikononi, anaizungusha tu.

"Mimi," nikasema.

"Basi, binti, umemfuta kaka yako."

Colin akageukia ukutani.

Tukarudi nyumbani, baba mbele na santuri yake. Mama alikuwa mlangoni, aproni bado kiunoni.

"Wamemsikia?"

"Wamemsikia," baba akasema.

"Wakasemaje?"

"Wamesema anaimba vizuri."

Mama akaichukua santuri, akaiweka kwenye gramafoni, akafumba macho. Baba akawahi kuitoa ile peni, akaificha kiganjani. Sindano ikaruka, ikaruka tena. Midomo ya mama ilikuwa inafuata maneno ambayo mimi siyasikii.

"Stanley," akasema, bado kafumba macho, "umesahau peni yako."

Baba akanitazama. Kisha akairudisha.