MB za Kumuaga Felistas

Machozi ya binamu yangu Oyoo yananitia kinyaa mpaka leo, na sioni haya kusema.

Tulikuwa tunakwenda Rongo, Kenya, kumzika dada yangu Felistas kwa mumewe. Mama alibaki nyumbani kwetu Nkende, upande huu wa mpaka. Miguu yake haimfikishi hata sokoni. Alinishika mkono mlangoni. "Gladys, kabla hawajafunga jeneza, nionyeshe kwenye simu. Uso tu, nyathina, mwanangu." Jirani yetu Winfrida angekaa naye na simu yake kusubiri.

Nikanunua kifurushi cha kutumia nje ya nchi, MB mia mbili, kidogo cha kutia huruma. Kabla ya kufika mpakani Sirari nikazima data, nikazuia picha na video zisijipakue zenyewe. Oyoo akanicheka.

"Dada, unahangaika bure. Mimi huu mpaka navuka kila wiki."

Akaacha data yake wazi. Kabla hatujamaliza kugongewa mihuri, mtandao wa upande wa pili ulikuwa umemlamba salio lote. Nikadhani amejifunza.

Msibani akanijia. "Dada, niwashie hotspot dakika moja tu, nimjulishe bosi nimefika." Nikamwashia. Kisha wanawake wakaniita jikoni, nikasahau kuzima. Hilo ni kosa langu na ninalibeba.

Mchungaji alipotangaza kumuaga marehemu, nikapanga foleni mpaka nikafika kwenye jeneza. Walikuwa wamemsuka vizuri, Felistas wangu. Nikampigia mama kwa video. Kiduara kikazunguka, kikazunguka.

Nikainua macho. Oyoo alikuwa amesimama pembeni na miwani ya jua, simu ameinyoosha mbele ya uso wake, analia mubashara mtandaoni. Analia kidogo, ananyamaza, anasoma maoni ya watu, anawashukuru kwa majina, anarekebisha kola, anaanza upya. Kisha ukaingia ujumbe kwenye simu yangu: kifurushi chako kimekwisha. Bosi gani huyo? MB zangu zote zilikuwa zimeishia kwenye makamasi yake!

Nikamkimbilia shemeji, mume wa marehemu, kuazima simu yake. Niliporudi nayo walikuwa wanakaza skrubu ya mwisho. Nikaomba wafungue hata kidogo. Mzee mmoja wa ukoo wao akatikisa kichwa.

Nikampigia mama simu ya kawaida.

"Mama, nisamehe, nime..."

"Nimemwona Oyoo," akanikatiza. "Winfrida amenifungulia video yake hapa. Amelia sana yule mtoto." Kisha akauliza: "Nyuma yake kulikuwa na kitambaa cheupe cha maua. Ndipo alipolala dada yako?"

Nikageuka kutazama pale Oyoo alipokuwa amesimama. Kitambaa cheupe cha maua kilikuwa kimetandikwa kwenye meza ya soda.

"Gladys? Ndipo?"

"Ndipo, mama."

"Wamemtandikia vizuri," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu tupate habari ile sauti yake ikatulia. "Asante, nyathina. Sasa nimemwona."

Pale mezani Oyoo alikuwa amemaliza andazi lake, anajifuta mafuta vidoleni kwa kitambaa kile.