Makucha Akataa Kufa

Jina lake hasa hata mkewe alikuwa karibu kulisahau. Mtaa mzima ulimwita Makucha, jina la jambazi aliyemwigiza redioni kila Jumamosi, na muuza mboga aligoma kumuuzia nyanya tangu, humo mchezoni, amzike mume wa mjane akiwa hai. Chuki hizo zilimnenepesha. Kumbe! Jumamosi moja akapewa karatasi za mchezo, akakuta anakufa ukurasa wa mwisho.

"Nife?" akamuuliza mwongozaji, mama mwenye miwani ya kuning'inia kifuani. "Nimefungwa kamba kwenye kiti, mikono nyuma, halafu mjane anichome kisu? Hiyo siyo haki, ni mauaji. Kuna mahakama, jamani!"

"Mahakama ipi?" akadakia shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeigiza mjane. "Hakimu ulimhonga wewe mwenyewe. Nilikuwepo, nilikuwa nalia."

"Ukimuua mtu aliyefungwa, una tofauti gani na mimi?"

"Mimi nitapata usingizi, shemeji."

Wenzao wakaangua kicheko. Makucha hakucheka. Haki haikuwa imemnyima usingizi hata siku moja. Alichoogopa ni kurudishwa kusoma matangazo ya sabuni. Jambazi akifa, na yeye kwisha habari yake. Unafiki huo aliujua vizuri, na haukumsumbua.

Mchezo wao ulirushwa moja kwa moja, kwa hiyo likishatamkwa limetamkwa. Ukurasa wa mwisho ukafika. Fundi wa sauti akainua kisu, akakichoma kwenye kabichi, maana redioni kabichi ndiyo kifua cha mtu. Chwaa! Makucha alitakiwa akorome mara moja, anyamaze.

"Umekosa!" akasema kwenye maikrofoni.

Mwongozaji akashika kichwa. Shemeji akamwashiria fundi arudie. Chwaa! "Bega tu hilo!" Chwaa! "Unanichania koti!" Kabichi ikabaki majani matupu. Hapo Makucha akaona mwanya, akaachia hotuba: mjane ana mikono safi, asiichafue kwa damu ya mtu asiyeweza hata kujikuna, amwache aishi, dhamiri imtese. Aliisema vizuri mno, mwongozaji akafuta macho. Mwenyewe nusura aamini.

Shemeji akaisogelea maikrofoni.

"Kweli," akasema kwa sauti ya mjane. "Kukuua ukiwa umefungwa siyo haki. Marehemu asingependa. Sikuui."

Makucha akashusha pumzi, akamkonyeza.

"Ila kwa mdomo huo uliwadanganya hakimu, polisi na mimi. Ufungue."

"Ya nini?"

"Nataka ulimi."

Kabichi haikuwepo tena. Fundi wa sauti akapekua mfuko wake wa chakula, akatoa karoti, akamtazama mwongozaji. Mwongozaji akaitikia kwa kichwa, karoti ikavunjwa. Ka!

Makucha akataka kubisha, lakini shemeji akamwonyesha taa nyekundu ukutani: bado wako hewani. Aliyekatwa ulimi hasemi. Akabaki ametumbua macho.

"Utaishi miaka mingi, Makucha," mjane akamwambia kwa upole. "Vipindi vyote vilivyobaki utakuwepo."

Makucha akaguna, tena kwa uchungu wa kweli, na mwongozaji akamwinulia dole gumba. Hajawahi kuigiza vizuri kama siku ile.