Mwelekeo wa Miguu

Kiwandani Mbinga kazi ilianza kwa kumwaga kahawa mezani. Wanawake walikaa kwenye mabenchi marefu, wakatenga punje nyeusi na zilizovunjika, huku wakiongea kuhusu mvua na mahindi. Asubuhi hiyo, kabla ya chai, miguu ya Notburga iligeuka. Uso wake ulibaki ukitazama kahawa, lakini chini ya meza vidole vilielekea kusini-magharibi, upande wa ziwa. Hakusikia maumivu.

Edina, aliyekaa jirani yake, alichungulia chini.

"Yako inataka ziwani," alisema.

"Naona."

"Yangu tangu juzi inataka Mufindi. Nadhani ni chai."

Wendelin, msimamizi, alipita na kuwaomba wasizibe njia, maana mikokoteni ilikuwa inapita hapo. Wakavuta miguu ndani kadiri ilivyokubali, wakaendelea na kazi.

Notburga na mumewe Kilian walikuwa wametoka kijijini Kitura msimu ule ambao serikali iliruhusu watu binafsi kununua kahawa. Kabla ya hapo Kilian alikuwa mpima kahawa wa chama cha ushirika, na mshahara wake ulikuja ulipopenda. Kampuni mpya ilianza kwa kulipa vizuri kuliko chama. Miguu ya watu wengi wa Kitura ilielekea mjini nao wakaifuata. Binti yao, Jacqueline, walimwacha kwa bibi yake ili amalize shule. Msimu uliofuata kampuni ilipunguza ujira, ikasema bei imeshuka huko nje.

Jioni Notburga alimkuta Kilian, ambaye kiwandani alikuwa mbeba magunia, ameketi kitandani bila viatu. Miguu yake ilikuwa imeelekea kaskazini.

"Huko ni wapi, Baba Jacqueline?"

"Machimbo. Wanasema mwanamume anayejua kuchimba analipwa vizuri."

"Wewe unajua kuchimba?"

"Miguu haikuniuliza."

Machimboni hawakutaka wanawake. Ziwani, wanunuzi wa usipa, dagaa wa huko, walitaka wanawake zaidi, kwa sababu mwanamke alikubali kulipwa chini ya mwanamume, na hata hivyo alipata zaidi ya alichopata kwenye kahawa. Kwa hiyo mume na mke walilala miguu ikisukuma blanketi pande mbili, na kila asubuhi walilikuta sakafuni. Kanisani hali ilikuwa hiyo hiyo. Padri aliwaomba wale ambao miguu yao inaelekea mlangoni wakae viti vya nyuma, wasionekane kama wanaondoka kabla ya misa kwisha. Viti vya nyuma vilijaa, vya mbele vikabaki na watoto, walimu na Wendelin.

Kilian alisema mke wake hatakwenda peke yake. Waliteremka kwa miguu kuelekea Mbamba Bay, Notburga mbele, akivutwa mbio na miguu yake, na Kilian nyuma akitanguliza visigino. Kwenye kona kali alishika majani ya kando ya barabara. Watu waliokuwa wakipanda na mizigo walimsalimu na kumpisha, wakijua mtu anayetembea hivyo anamfuata mwingine.

Kule ufukweni Notburga alipata kazi kwa Nazari, tajiri aliyekuwa na vichanja vingi vya kuanikia usipa. Siku aliyoanza, miguu yake ilinyooka. Alianika, akageuza, akafukuza kunguru, na alipotembea jioni alitembea kama mtu mwingine yeyote. Kilian alishona nyavu za watu. Ili akae mahali pamoja, alijifunga miguu kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya kibanda walichopanga. Kamba ilimchuna ngozi. Nguzo nayo ilianza kuinama kaskazini, kidogo kidogo, na paa likaifuata.

Asubuhi moja Notburga alipiga magoti mbele yake akaanza kufungua fundo.

"Mama Jacqueline, acha."

"Nyumba itaanguka."

"Nitatafuta nguzo nyingine."

"Na ngozi utaitafuta wapi?"

Fundo lilikuwa limekazwa na maji, Notburga akalifungua kwa meno.

"Mtoto utamwambia nini?" Kilian aliuliza.

"Kwamba baba yake ameitwa na kazi."

Miguu ya Kilian iliondoka kabla hajamaliza kufunga kiatu cha pili. Notburga alimsindikiza hadi kichanja cha mwisho. Hapo miguu yake mwenyewe ilisimama, kwa kuwa ujira wake uliishia hapo, na hakuweza kuiongeza hatua. Alisimama na chumvi ya usipa mikononi mpaka mgongo wa Kilian ulipopinda na barabara. Baadaye alirudi kugeuza samaki, kwani jua lilikuwa kali na upande mmoja ulikuwa umeanza kukakamaa.

Wanunuzi wengine waliondoka mmoja baada ya mwingine, akabaki Nazari. Alipobaki peke yake alipunguza ujira. Miguu ya wanawake ilianza kutafuta. Mingine ilielekea Songea kwenye tumbaku, mingine ikapanda Mbinga. Waliokwenda walirudi, wakasema huko nako wamepunguza, na kwamba miguu husikia habari kama watu wengine, kwa kuchelewa. Alikuja bwana mmoja wa utafiti kwa pikipiki, akapima miguu yao kwa dira. Alisema wafanyakazi wa sekta binafsi wanahama kwa uhuru, na kwamba hiyo ni dalili nzuri. Alipokuwa akisema hayo, viatu vyake vilikuwa vimeelekea Dar es Salaam.

Wiki iliyofuata miguu ya wanawake wote iligeukia mahali pamoja, tena si mbali. Waliifuata kupita vichanja na kisima, wakafika uani kwa Nazari. Vidole vyao viligusa ukuta wa chumba alimoweka fedha, vikatulia. Nazari alikuwa barazani anakunywa chai.

"Shikamoo, mzee," alisema Ottilia, mkubwa wao.

"Marahaba. Mna shida gani?"

"Sisi hatukupanga kuja. Ni miguu."

"Leo si siku ya malipo."

"Tunajua, mzee."

Nazari alitazama miguu ile kwa muda, kisha akatazama ukuta. Aliita mgambo wawili, wakawageuza wanawake mmoja mmoja kwa kuwashika vifundo. Kila waliyemwachia alirudi alivyokuwa. Mgambo walipochoka waliomba maji, Notburga akawachotea yaliyokuwa karibu.

Nazari alimaliza chai yake. Akaagiza vichanja vyote vihamishiwe uani kwake. Tangu siku hiyo wanawake hawakuchelewa tena, wala hakuna aliyeacha kazi, na usipa ulikauka vizuri kuliko zamani kwa sababu bati la nyumba lilirudisha joto. Nazari aliwasifu mbele ya wageni. Ujira ulibaki ule ule.

Msimu wa baridi dereva wa lori, Cleopa, alikuja kupakia magunia. Alikuwa amefika kaskazini, akamwona Kilian.

"Hajambo?" Notburga aliuliza, akiendelea kugeuza usipa.

"Hajambo. Amekonda kidogo. Haingii tena shimoni, yeye na wenzake. Wako uani kwa mwenye machimbo, wanapondaponda mawe."

"Wamesimama?"

"Wamesimama. Ukutani kabisa."

Notburga alihamisha mkono mpaka upande mwingine wa kichanja.

"Kuna kivuli hapo?"

Cleopa alifikiri.

"Asubuhi kipo," alisema.

Notburga akaitikia kwa kichwa, akamsogezea gunia la kwanza.