Mlio wa Theluji Changa

Tangu baridi ianze kuuma, Francine alikuwa akiusikia mlio huo katika nyumba yake mtaani Erdington, jioni, taa za barabarani zinapowaka. Haukuwa mlango wala mabomba. Ulitoka chini ya sakafu: mmm-fu, kama mtu mzito anayejitupa juu ya godoro, kisha kimya. Hakumwambia mtu. Alijua ni nani, na alidhani anajua anachotaka.

Mume wake, Sylvestre, alikufa Novemba iliyopita katika milima ya Uskoti, akafunikwa na theluji. Mwili ulipatikana, ukazikwa. Lakini katika ukoo wao, kule kwao Masisi, aliyefia mbali hufuatwa: jamaa huenda pale pale alipoanguka, wakamwita kwa jina, wakarudi na udongo wa mahali hapo. Bila hivyo matanga hayaishi. Cleopas, mdogo wa marehemu, alikwisha kukodi basi dogo. Wangeondoka Jumamosi.

Alhamisi alikuja Néhémie, aliyekuwa na Sylvestre mlimani siku ile na kurudi peke yake. Alikaa jikoni bila kuvua koti.

"Mama Déborah," alimwambia Francine, "msiende. Ngojeni theluji iishe."

"Si imeanza juzi tu? Cleopas anasema haifiki hata kwenye kifundo cha mguu."

"Hata ile yetu ilikuwa hivyo." Alizungusha kikombe bila kunywa. "Ile ya kwanza inaanguka, baridi inaikausha, inakuwa kama chumvi ya mawe. Halafu upepo unaleta nyingine, inalala juu yake, ngumu kama ubao. Unatembea juu ya ubao, na chini ni chumvi tupu. Nilimwambia tuzunguke. Akanicheka. 'Wewe mtoto wa mjini umechunga nini? Pale nyasi zinapochungulia, ardhi iko karibu, ng'ombe hatelezi.' Akaelekea kwenye nyasi. Kumbe hapo ndipo ubao ulipokuwa mwembamba."

"Alisema kitu?"

"Hakuwahi. Mlima ndio ulisema. Chini ya miguu yetu, mmm-fu. Kama mtu amejitupa kwenye godoro. Ukisikia hivyo, chini kumeshavunjika, rudi ulikotoka. Yeye aligeuka kuniangalia, kama anataka kuniuliza ni nini. Halafu mteremko wote ukaondoka naye."

Francine alikuwa bado anamtazama mdomo wakati mlio ulipokuja, chini ya meza, karibu kuliko siku zote. Kijiko kilitetemeka kwenye sahani.

Néhémie alisimama. Hakugeuka. Alitoka jikoni kinyumenyume, akikanyaga palepale alipokanyaga wakati wa kuingia, macho kwenye vigae, mpaka mlango ukajifunga mbele yake. Hakuaga.

Francine alibaki ameketi, miguu ameiinua kutoka sakafuni. Kisha akampigia Cleopas.

"Shemeji, hatuendi."

"Néhémie amepita hapo, sivyo? Yule hata ngazi za kanisa anapanda ameshika ukuta."

"Sikiliza. Nilidhani kaka yako anatuita. Hatuiti. Anatuzuia."

"Anatuzuia namna gani? Mwaka mzima yuko kule kwenye baridi, unataka tumwache?"

"Kuna mlio humu ndani."

Cleopas aliishi mtaa wa Newtown, ghorofa ya juu kabisa ya jengo la nyumba za kupanga za halmashauri, na Francine alisikia televisheni yake ikiongea peke yake, kisha ikazimwa.

"Kama mtu anajitupa kwenye godoro?" aliuliza.

Francine hakuwa amemwambia mlio ulivyo.

"Nilifikiri ni jirani wa chini," Cleopas alisema polepole. "Jana nikashuka kumgombeza. Mlango umepigiliwa mbao. Wanasema hakuna anayekaa pale tangu kiangazi."

Wote wawili walisikiliza, kila mmoja kwake.

"Kesho asubuhi narudisha basi," alisema mwishowe. "Na wewe, Mama Déborah, usitembeetembee sana humo ndani."