Kisiwa Kilichokosa Mwalimu

Jumatatu moja katikati ya Agosti, kivuko cha asubuhi kilifika kisiwani Lyngvær saa tatu na dakika kumi badala ya saa tatu kamili. Nahodha Hallvard alishuka, akaitazama saa yake, akaitazama bahari, akasema injini haina tatizo. Jumanne kilichelewa dakika kumi na nane. Alhamisi, nusu saa. Hapo akawaambia watu waliokuja kupokea mizigo kwamba kivuko kinakwenda mwendo ule ule, ila kisiwa kimeanza kuondoka.

"Kinaelekea wapi?" akauliza mama mwenye duka.

"Magharibi."

"Afadhali. Kaskazini kungetuua kwa baridi."

Shule ilikuwa bado imefungwa. Mwalimu Borghild, aliyefundisha pale miaka thelathini na minane, alikuwa amestaafu mwezi wa sita kwa sababu ya magoti, akahamia kwa binti yake ng'ambo. Halmashauri ilitangaza nafasi mara mbili. Alikuja kijana mmoja, akaiona mvua inavyonyesha kwa ubavu, akarudi na kivuko kile kile bila kuvua koti. Watoto watano wa kisiwa walishinda gatini wakirusha mawe majini.

Watu wa Lyngvær walifanya wanachofanya siku zote jambo likiharibika. Waliitana Jumamosi kwa kazi ya pamoja, kila nyumba na vifaa vyake. Wakatoa minyororo na nanga za zamani za vizimba vya samaki, wakakifunga kisiwa kwenye mwamba wa chini ya bahari. Walipomaliza walikula chapati tamu kwa jamu, wakasifiana. Jumatatu nanga zote zilikuwa zikiburutwa, na kutoka bara kuja kisiwani, safari ya dakika arobaini, ilikuwa sasa saa moja na nusu.

Oddny alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa akipakia samaki kiwandani, na begi lake lilikuwa tayari, kwa sababu chuo cha mabaharia kilikuwa kimempa nafasi na masomo yalianza Septemba. Tangu akiwa mdogo hakutaka kitu kingine ila kuendesha meli. Wazazi wa wale watoto wakamwomba akae nao shuleni wiki moja.

"Moja tu, Oddny. Sisi tuko kazini, na hawa watatumbukia majini."

"Moja. Nikisema moja, ni moja."

Aliandika tarehe ubaoni. Watoto wakavua viatu mlangoni, wakakaa na soksi zao za sufu. Alipoanza kuwasomea, vikombe vya kahawa, vilivyotetemeka tangu kisiwa kianze kuondoka, vilitulia katika nyumba zote. Kufikia Ijumaa kisiwa kilikuwa kinarudi, polepole, kama ng'ombe aliyekumbuka zizi.

Hakuna aliyemlazimisha kubaki. Hata neno hawakumwambia. Walimletea viazi tu, na jibini la kahawia, na glavu zilizofumwa kwa kipimo cha mikono yake, ingawa hakukumbuka kupimwa.

Jioni akampigia simu Borghild.

"Mwalimu, ulikuwa unajua?"

"Mimi nilikuja kwa wiki mbili, mwanangu. Nilitaka kuwa daktari wa wanyama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekimbia. Halafu ningebaki mimi, na haya magoti."

Jumamosi Oddny alipanda kivuko na begi lake. Alisimama nyuma, upande wa kisiwa. Watoto walikuwa gatini wakimpungia mkono, na mdogo wao, Sunniva wa miaka sita, alikuwa amekumbatia kitabu cha kusomea. Walianza kuonekana wadogo mapema kuliko ilivyotakiwa. Baada ya dakika chache kisiwa kilikuwa cha kijivu, kisha cha buluu, na jua lilikuwa linawaka tu, ukungu haukuwepo. Bahari iliyobaki katikati ilikuwa laini, kama shuka lililonyooshwa na mtu.

Oddny akapanda hadi kwenye chumba cha nahodha.

"Geuza."

"Una uhakika, binti?" akasema Hallvard. "Mimi sijasema kitu."

"Hakuna anayesema kitu. Geuza."

Hallvard akajisogeza, akamwachia usukani. Oddny akakigeuza kivuko mwenyewe, vizuri kabisa. Chini, abiria waliokuwa wakinywa kahawa hawakumwaga hata tone. Chuo kikampa nafasi yake mtu mwingine.

Mwezi wa nne alikuja mama mmoja kutoka mji mkuu, mwenye viatu visivyofaa kwa matope. Alikuwa akichunguza kwa nini watu wa sehemu ndogo kama hizi huchagua ualimu. Oddny akamweleza yote, tangu ile Jumatatu. Mgeni alisikiliza bila kukatiza. Akasema shangazi yake alifundisha kwenye bonde lililokuwa likijikunja kila likikosa mwalimu, kwa hiyo anaelewa.

"Ila kisanduku cha hilo sina," akasema, akageuza fomu yake ya maswali. "Kuna likizo ndefu, kuna heshima, kuna kupenda watoto."

Oddny akaweka alama kwenye kupenda watoto. Wala haukuwa uongo.

Wiki ile ile halmashauri nayo iliandika. Kwa kuwa kisiwa sasa kimetulia, nafasi ya mwalimu haitatangazwa tena, na Oddny aendelee kama mtu wa kushikilia kwa muda.

Alikuwa ameisoma barua hiyo mpaka mwisho, amesimama dirishani, aliposikia darasa likitamka herufi kwa pamoja nyuma yake. Akageuka. Sunniva alikuwa amepanda juu ya kiti mbele ya ubao, anawaandikia wenzake herufi kubwa zilizonyooka, na wenzake, hata wakubwa, walikuwa wakimfuata kwa sauti. Mama yake, aliyekuja kumchukua, alikuwa amesimama mlangoni na watu wengine wawili. Walikuwa wakitabasamu.

"Huyu naye anafaa," akasema mama.

Oddny akaenda mpaka kwenye kiti. Akaitoa chaki katika vidole vya Sunniva, kimoja kimoja, taratibu, akamfuta mtoto vumbi jeupe mkononi mpaka likaisha.

"Nenda kacheze," akamwambia. "Nenda mbali."