Vita vya Kwenye Sinia

Walianza na meza. Guled, kaka yangu mkubwa, alikuja na vijana wake wawili wakaibeba, eti inahitajika kwenye harusi ya binti yake. Harusi ikaisha, binti akazaa, meza haijarudi. Nikahamishia vita kitandani. Hapo akasema godoro la marehemu baba si uwanja wa mchezo, na godoro likaenda kwa dereva wake. Basi nikachukua sinia la wali, lile la watu watano, nikapunguza askari wangu hadi urefu wa ukucha. Kila nikinyimwa nafasi vita vyangu hupungua ukubwa, lakini haviishi, na mwenye kuudhika audhike.

Naitwa Habsa. Ni mjane wa miaka hamsini na miwili, nauza vitambaa hapa mtaa wa Wabera. Nyuma ya duka kuna chumba cha hatua nne kwa tatu ambacho baba alinipa kwa mdomo wake, bila kuandika popote. Humo kila Jumamosi baada ya alasiri mimi na Mwalimu Kiende tunapigana Vita Kuu ya Kwanza. Kiende ni Mmeru, anafundisha historia shule ya upili. Yeye huleta ramani na vitabu. Mimi huleta hadithi za babu, aliyevaa magwanda ya Mwingereza akatembea mpaka Rufiji, kisha akaja kutulia hapa Isiolo na mguu mmoja mbovu.

Askari nawachonga kwa wembe kutoka ndara zilizokatika na kuwapaka rangi ya kucha. Mto ni kipande cha karatasi ya mkate, vilima ni unga wa chapati uliokauka. Dado tuliacha sheikh aliposema inanuka kamari, sasa tunachomoa maharagwe kikombeni bila kuangalia. Jekundu, umepigwa. Jeupe, umepona. Na wapagazi wapo. Vitabu vya Kiende vimejaa maafisa na mizinga, lakini kwangu askari hasogei hatua moja kama mpagazi hajamfikia na mzigo. Babu alisema ilikuwa hivyo, na sitambishia babu.

Mwezi uliopita Guled alisimama mlangoni pangu. Ana malori mawili ya kwenda Moyale na sauti ya kutosha malori kumi.

"Habsa, wewe ni mtu mzima na unachezea midoli. Hii chumba nataka niweke tairi."

"Baba alinipa."

"Onyesha karatasi."

Sikuwa nayo.

"Basi Ijumaa nakuja na wazee," akasema. "Adeer Jama ataamua, tumalize hiyo maneno."

Adeer kwetu Wasomali ni ami, na Jama ni ndugu mdogo wa baba, ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Akisema neno, limekwisha. Nilijua Guled atafika na maneno yake yamepangwa, na mimi nikifungua mdomo nitaambiwa ninyamaze. Kwa hasira nikamkata mpagazi mmoja kichwa bila kukusudia. Halafu nikapata wazo.

"Mama Hoda, hao wazee watakasirika," Kiende, aniitaye kwa jina la mwanangu, aliniambia nilipomweleza.

"Wakasirike wakiwa wamekaa."

Ijumaa walikuja baada ya sala, Adeer Jama, wazee wengine wawili, na Guled. Adeer akatazama huku na huku.

"Tunakaa chini? Meza iko wapi?"

"Iko kwa Guled, adeer."

"Hata godoro hakuna?"

"Nalo liko kwa dereva wa Guled."

Wakakaa kwenye mkeka. Nikapitisha birika na beseni, wakanawa mmoja mmoja. Nikaleta sinia, limefunikwa na lingine juu yake, nikaliweka katikati. Kisha nikakaa pamoja nao mahali pa tano, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya mbele ya wazee. Kwetu mtu akishanawa na kusema bismillah mbele ya sinia, haondoki mpaka liishe. Wakasema bismillah. Nikafunua.

Mzee mmoja alicheka kwa mshangao. Guled akawa tayari anainuka.

"Unaona, Adeer? Hii ndiyo nilikuwa nakuambia."

"Umenawa," Adeer akamwambia. "Kaa."

Adeer mwenyewe akainama mpaka ndevu zikakaribia kugusa mto.

"Hawa hawana bunduki ni akina nani?"

"Wapagazi, adeer. Wa babu."

"Baba yangu alikuwa anawataja wakati wa kula tu," akasema. "Alisema alikula chakula ya watu waliokufa njaa wakiibeba. Majina yao hakujua, na hiyo ilimsumbua." Akapangusa macho kwa ncha ya shali. "Haya. Mimi niko upande gani?"

"Kama tu kula, adeer. Kilicho mbele yako ndicho chako."

Tukacheza. Adeer alikuwa na wapagazi na mzinga mmoja, na aliwavusha mto taratibu, akiuliza kila mara kama wamepumzika. Mbele ya Guled kulikuwa na kilima na Wajerumani kumi na wawili. Alichomoa haragwe jekundu, akachomoa la pili, akachomoa la tatu. Guled hajawahi kushindwa kitu akakubali. Mara akanyoosha mkono, ukapita juu ya mto, ukaingia mbele ya Adeer, ukaukamata mzinga. Mkono wa kanzu ukaangusha wapagazi sita.

Kila mtoto wa kwetu amewahi kupigwa kofi mkononi kwa kosa hilo. Wazee wawili wakaondoa mikono yao siniani. Hata Kiende, aliyekuwa jikoni anachunga wali, aliacha kugongagonga sufuria.

"Guled," Adeer akasema polepole. "Kula mbele yako."

Guled akaurudisha mzinga. Shingo yake ilikuwa imeingia ndani ya mabega.

"Meza ya dada yako ulichukua," mzee akaendelea. "Godoro ulichukua. Leo umeniita nikusaidie kuchukua chumba, na mimi nikitazama unachukua hata yangu."

"Lakini Adeer, tairi nitaweka wapi?"

"Mbele yako. Sasa simamisha hao watu."

Akawasimamisha. Vidole vyake vya kufungua nati za malori havikuzoea kushika kitu kidogo hivyo, na kila akimsimamisha mmoja, mwingine alianguka. Sikumsaidia. Nilingoja mpaka wote sita wakawa wima, mizigo kichwani, wakielekea ng'ambo. Halafu nikamsogezea kikombe cha maharagwe.

"Zamu yako," nikamwambia. "Na Jumatatu natuma mkokoteni uje kuchukua meza."